Njano Haikaguliwi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Ndani ya shimo la gereji, chini ya gari kuukuu la rangi ya krimu, tochi ilimulika nati moja yenye doa la rangi ya njano.

Hapo ndipo tulipomwacha Mizani juma lililopita, msomaji, shingo imepinda na tope likimdondokea usoni. Kama hukuwa nasi, shika haya machache. Gari ni la baba yake. Mzee alikuwa analiteremsha mlima wa kuingia mjini, dada yake ameketi pembeni, mara likavuta kushoto na kugonga ukuta wa daraja. Shangazi akavunjika nyonga. Familia ikakaa kikao, ikaamua kwamba macho ya mzee yamechoka, ikamnyang'anya funguo. Aliyezipokea funguo hizo ni Mizani, binti yake mwenyewe.

Na gereji hii ina desturi yake. Kila fundi ana rangi. Akimaliza kukaza nati, anaitia doa. Nyeupe ni ya Kioo, mnyoosha bodi, kaka yake Mizani. Njano ni ya Mizani. Nati yenye nyeupe hukaguliwa mara ya pili. Ya njano haikaguliwi. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Watu wamezoea tu, kwa sababu Mizani hajawahi kuacha nati imelegea.

Sasa doa la njano lilikuwa kwenye ncha ya tairodi, lile fito la chuma linalolifanya gurudumu la mbele lifuate usukani. Na fito lenyewe lilikuwa limeungwa kwa kuchomelewa.

Usukani hauchomelewi. Hilo analijua hata muuza matairi.

Mizani alitema mate pembeni, akafuta tope kwa mgongo wa mkono, akasogeza tochi.

Majuma matatu alikuwa amelihangaikia gari hili. Bushi za mikono ya mbele zilikuwa zimelika hadi chuma kikagusa chuma. Aling'oa zote, akaweka mpya. Shokomzoba zilikuwa zinavuja. Alizibadilisha zote nne. Springi za nyuma ndizo zilizomtibua nyongo. Kioo alikuwa amezikata kwa gesi ili gari "lilale chini kama la kijana". Lilipoanza kugonga, akapachika humo vipande vya tairi. Mizani alivichomoa kwa koleo, vimeoza, vinateleza, vinanuka kama bomba la jikoni lililoziba. Akaagiza springi kamili. Alitaka gari lirudi barabarani likiwa limetulia kuliko lilivyopata kuwa, likate kona bila kuinama.

Jana alifunga uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande. Kulia, uzi uligusa tairi sawasawa. Kushoto, tairi lilitazama nje, kama mtu aliyenuniana na mwenzake. Ndiyo maana leo alishuka shimoni kabla hajabadilisha nguo vizuri.

Jumatatu alikuwa amepita hapohapo na tochi hiihii. Aliona njano, akapita. Alidhani ni yake ya matengenezo ya mwaka jana. Hakumbuki kulichomelea fito hilo wala kulikuta limechomelewa, lakini kumbukumbu si ushahidi, na yeye ndiye anayewaambia wengine hivyo kila siku.

Kwa hiyo aliacha kukumbuka, akaangalia.

Mchomelo ulizunguka nusu tu ya fito, upande wa chini. Upande wa juu haukuwa na hata tone. Raba ya ncha ilikuwa imeungua, imekunjamana kama ngozi ya maziwa. Katikati ya mchomelo kulikuwa na ufa. Nusu ya ufa ilikuwa na kutu nyeusi ya zamani. Nusu nyingine ilikuwa na kutu changa, nyekundu.

Maana yake ni moja. Ufa ulianza kabla ya ajali. Ulimalizikia mlimani.

Macho ya mzee hayakuwa na kosa lolote.

"Umelala humo, dada'angu?" Sauti ya Kioo iliingia shimoni ikitanguliwa na harufu ya chai. "Au shemeji amekufukuza, umehamia huku?"

"Teremka."

"Nina chai."

"Teremka na chai yako."

Alishuka ngazi akiimba puani. Kioo ni mtu wa kupendeza. Hata akiwa kazini ovaroli yake ina mstari wa pasi. Wateja humpenda kwa sababu gari likitoka mikononi mwake linang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu mlangoni. Chini ya mng'aro huo kuna puti ya kuzibia mibonyeo, nene kama mkate, lakini nani anagonga mlango wa gari lake kusikiliza?

"Kazi ya nani hii?" Mizani aliuliza.

Kioo alikodoa. "Inaonekana ya zamani."

"Sikuuliza umri wake."

"Mbona kuna njano hapo? Si yako hiyo?"

Aliisema haraka mno.

"Nitafika kwenye njano. Tazama raba, imeungua. Fito lilichomelewa likiwa garini, halikufunguliwa. Juu hakuna kitu kwa sababu mkono haufiki. Aliyechomelea alilala chali hapa uliposimama wewe."

"Wachomeleaji wamejaa mji mzima."

"Gari la Baba limewahi kuingia gereji nyingine?"

Kioo alikunywa chai. Akanywa tena. Kikombe kilipoanza kuonyesha kitako, hakuwa na pa kujifichia.

"Nilishikiza tu," alisema.

"Ulifanya nini?"

"Nilishikiza! Fito lilikuwa na ufa mdogo, mzee amesimama nje anataka gari, duka la vipuri limefungwa. Nikasema nishikize, Jumatatu nitabadilisha."

"Jumatatu ipi?"

"Ilipita."

Mizani alihisi kitu kikimpanda kooni. Hasira angeijua, hasira ina joto. Hiki kilikuwa baridi na chenye mafuta, kama kukanyaga panya aliyeoza ukiwa peku.

"Ulikuwepo kwenye kikao," alisema. "Ulisema Baba haoni tena. Ulisema siku moja ataua mtu."

"Kila mtu alisema."

"Wewe ulianza."

"Sasa nifanyeje? Nisimame mbele ya ukoo mzima niseme ni mimi? Shangazi angenilaani, na vile alivyo na mdomo!"

"Kwa hiyo ukamwachia mzee laana."

"Mzee hajali. Mzee ameshastaafu."

Alisema hivyo kwa uso mkunjufu, kama anayemfahamisha mteja kwamba mkwaruzo ule hauonekani ukisimama mbali. Mizani alirudi nyuma hatua moja. Hakutaka ovaroli zao zigusane.

"Na njano?"

"Hiyo sikupaka."

"Kioo."

"Wallahi! Kuchomelea nimechomelea, nimekubali, nini tena? Hiyo rangi siijui."

Mizani alimulika tena. Jiwe la ukuta wa daraja lilikuwa limechora mfereji mrefu kwenye chuma, ukapita juu ya nati na kuendelea mbele. Njano ilikuwa imeingia ndani ya mfereji huo na kukauka humo.

Alipitisha ukucha mara mbili ili awe na hakika. Mkwaruzo ulitangulia, rangi ikafuata. Doa lilipakwa baada ya ajali, na baada ya ajali gari lilivutwa hadi hapa, halijatoka. Mkebe wa njano unalala kwenye sanduku lake, na sanduku lina kufuli.

Sasa fikiria, msomaji, saa ilivyokuwa inakimbia. Saa nne mkaguzi wa magari alikuwa aje. Gari lililoumiza mtu halirudi barabarani bila yeye kulala chini yake. Na fundi ambaye kazi yake mbovu imeumiza mtu hunyang'anywa kibali, si mwaka mmoja wala miwili, ndiyo basi. Mkaguzi angeona mchomelo. Angeuliza njano ni ya nani. Gereji nzima ingejibu.

"Mtu ameingia sandukuni mwangu," Mizani alisema.

"Au umepaka mwenyewe ukasahau. Umri huo, dada."

"Mwache mwenzako," ilisema sauti juu ya vichwa vyao. "Rangi nimepaka mimi."

Springi mpya za nyuma hazikulia. Ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu ndani ya gari.

Kila asubuhi tangu anyang'anywe funguo, mzee huja gerejini, hufungua mlango wa dereva, huketi. Hagusi kitu. Mafundi walikuwa wamemzoea kama walivyozoea meza ya vyuma.

Mizani alipanda ngazi. Baba yake alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, shati limepigwa pasi, anatazama ukuta ulio mbele kama barabara.

"Lini?" Mizani aliuliza.

"Siku uliyompeleka shangazi yako kupigwa picha ya pili. Sanduku lile lilikuwa langu kabla halijawa lako. Nina ufunguo."

"Ulijua fito limechomelewa?"

"Usukani ulinifia mkononi, mwanangu. Nilikuwa nauzungusha, gari linakwenda linakotaka. Nimeendesha tangu hujazaliwa. Nijidanganye kwamba ni macho? Mlipolivuta hapa nilishuka shimoni mwenyewe na tochi. Nikaona mkono wa kaka yako."

"Kwenye kikao ulinyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba mwanangu wa kiume kamvunja dada yangu?"

"Ukaona afadhali nimvunje mimi."

Mzee alisogeza kidogo kioo cha kutazamia nyuma, ambacho hakikuhitaji kusogezwa. "Nilijua mkaguzi atakuja. Nilijua atauliza nani. Nikawatazama wote wawili. Wewe una mume. Una mkono; ukifungiwa hapa, kesho watu watakuita kwao, kimyakimya, utafanya kazi. Huyu akifungiwa atakwenda wapi? Ana watoto."

"Mimi sina?"

"Una mmoja."

Alisema hivyo kama dereva anayepanga mizigo kwenye buti: kizito huku, chepesi kule, gari lisilale upande. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Hicho ndicho kilichomfanya Mizani ashike ukingo wa mlango.

Miezi miwili alikuwa halali vizuri kwa sababu ya zile funguo. Alimpelekea mzee matunda, alimnunulia viatu, alimwomba radhi mara mbili akilia. Mzee alikula matunda. Alivaa viatu. Alikuwa navyo miguuni muda huu, kwenye pedali.

"Hukuniuliza," Mizani alisema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo."

"Sasa, ningekuulizia nini?"

Kioo alikuwa ametoa kichwa shimoni, viwiko juu ya saruji. Alimtazama baba yake, kisha dada yake, na uso wake ukaanza kupata rangi. Hakuwa amejua. Sasa alijua, na tayari alikuwa anapima nafuu yake.

"Dada," alisema kwa upole, "tusikimbilie kugombana. Mzee ana hoja."

"Ana nini?"

"Ana hoja, si kwa ubaya. Wewe hata wakikufungia…"

"Maliza."

Badala yake Kioo akapanda ngazi. Mizani alikwenda kwenye karai, akamwaga sabuni ya unga kiganjani, akasugua mikono hadi povu likawa jeusi. Akamwaga maji. Akasugua tena. Mikono ilikuwa safi, lakini aliendelea.

Kioo alimfuata na fito jipya, bado liko kwenye karatasi ya dukani. "Sikiliza. Hakuna anayepotea. Hili hapa jipya, limetoka rafuni. Nalifunga sasa hivi, lile bovu nalitupa jalalani. Mkaguzi anakuja, anakuta gari safi, bushi mpya, springi mpya, linakaa barabarani kama limegundishwa. Anapiga muhuri. Wewe umepona, mimi nimepona."

"Na Baba?"

"Fanyeni hivyo," mzee alisema kutoka garini. "Mimi nimeshazoea kuitwa kipofu."

Huo ulikuwa mlango, msomaji, na ulikuwa wazi. Mizani aliutazama sawasawa. Angepita, jina lake lingebaki safi, na hakuna ambaye angejua. Shangazi angeendelea kugeuza uso ukutani kila kaka yake anapoingia kumjulia hali. Kioo angeendelea kuchomelea. Na yeye angetia njano kwenye nati ya fito jipya, mbele ya hawa wawili, wakimwangalia kwa shukrani.

Shukrani yao ndiyo iliyomkata. Aliiona tayari machoni mwa Kioo, imelowa lowa, inang'aa kama puti mbichi.

"Rudisha fito kwenye rafu," alisema.

"Dada…"

"Usiniite dada. Rudisha. Anayegusa gari hilo kabla mkaguzi hajaja namfungia shimoni."

"Mzee, mwambie!"

"Mwanangu," mzee alianza, "damu…"

"Hiyo damu ndiyo inanitia kichefuchefu, Baba. Naomba ushuke garini."

Hakushuka. Geti ndilo lililojibu.

Mkaguzi aliingia saa tatu na robo, kabla ya wakati. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na mkononi alibeba kiroba kizito kilichochafuliwa na grisi. Hakusalimia. Hakulitazama gari la krimu. Alisimama katikati ya gereji, akauliza:

"Hapa njano ni ya nani?"

Kioo alitazama saruji. Mzee aliachia usukani.

"Yangu," Mizani alisema.

"Wewe ndiye Mizani?"

"Ndiye mimi. Na kabla hujaniuliza lingine, shuka shimoni uone kitu. Kuna fito lililochomelewa, na rangi iliyopakwa juu ya mkwaruzo wa ajali. Usiniamini mimi. Tazama kwa macho yako."

"Nitatazama," mkaguzi alisema. "Lakini sikuja kwa ajili ya hilo tu. Hilo lingesubiri saa nne."

Alikwenda kwenye meza ya vyuma, akafungua kiroba, akatoa kitu kizito na kukiweka juu ya meza kwa kishindo.

Lilikuwa tairodi, limevunjika katikati. Nusu ya chini ilikuwa na mchomelo, nusu ya juu haikuwa na tone. Raba ya ncha ilikuwa imeungua. Na kwenye nati kulikuwa na doa la njano.

"Limetoka kwenye gari la watoto wa chekechea," mkaguzi alisema. "Asubuhi hii. Gurudumu limelala wakati dereva anageuza getini, mwendo wa kinyonga, hakuna aliyeumia. Angekuwa ameshafika barabara kuu, tusingekuwa tunaongea hapa. Dereva anasema lilitengenezwa kwenu. Anasema alitulia kwa sababu aliona njano."

Mzee alikuwa ameshuka garini. Alisogea hadi mezani kwa viatu vyake vipya, akainama, akalitazama fito kwa yale macho yaliyohukumiwa.

"Hili," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilitetereka, "hili sikulipaka mimi."

Mizani alikuwa amekwisha kuona. Njano ilikuwa imekolea kuliko yake. Ulikuwa mkebe mwingine, wa kununuliwa dukani, na haukuingizwa sandukuni mwake hata siku moja. Gari la chekechea hakuwahi kuligusa.

Alimgeukia kaka yake.

Kioo alikuwa ameegemea bawa la gari la krimu, bati la juu ya gurudumu, pale alipopaka na kung'arisha mwenyewe, na kivuli chake kilionekana ndani ya rangi.

"Wateja walikuwa hawataki nyeupe," alisema. "Wakija wanauliza, ina njano? Haina? Basi wanaondoka. Ningefanyaje?"

Mkaguzi alivua miwani. Mzee alishika meza.

"Mangapi?" Mizani aliuliza.

Kioo alizungusha kikombe kitupu mkononi.

"Nakuuliza magari. Yaliyoko barabarani sasa hivi. Mangapi?"

Kioo aliweka kikombe juu ya bawa la gari. Akainua mkono wa kulia, akafungua vidole vyote vitano. Kisha akainua wa kushoto, akaanza kufungua.